Mgeni njoo, mwenyeji apone: Cartagena inavyouza usiku wake kwa mhogo na mahindi

MHOGO, mahindi, kunde, ndizi mbichi na nazi. Mkulima wa Tanga au Mtwara akisomewa orodha hiyo anaweza kudhani anatajiwa mazao ya shamba lake mwenyewe. Lakini hiyo ndiyo orodha ya vyakula vinavyouzwa kila jioni kwa watalii katika mji wa Cartagena, pwani ya kaskazini ya Colombia, Amerika ya Kusini.

Watalii hao hulipa makumi ya dola kila mmoja ili waongozwe kwa miguu mitaani kwa muda wa saa tatu au nne. Hula wakiwa wamesimama, hunywa juisi na pombe, husikiliza muziki, na wengine hawarudi hotelini hadi usiku wa manane.

Biashara hiyo, ambayo huitwa ziara ya chakula ya jioni, haihitaji mbuga ya wanyama wala gari la kubebea wageni. Mtaji wake ni mtaa wenye wapishi, karai la mafuta ya moto na mwenyeji anayejua kueleza kinachopikwa.

Hata hivyo, kuna swali moja ambalo linamhusu kila mfanyabiashara mdogo aliye karibu na njia ya watalii, awe Colombia au kwingineko. Fedha ya mgeni ikishaingia mtaani, nani anabaki nayo?

Mji wa kuta na bandari

Cartagena ilianzishwa na Wahispania mwaka 1533. Kwa muda mrefu ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za Amerika ambako watumwa kutoka Afrika walishushwa na kuuzwa. Kuta za mawe zilizojengwa kuilinda dhidi ya maharamia bado zimesimama, na mwaka 1984 UNESCO iliuingiza mji huo mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Leo mji una wakazi wapatao milioni moja, bandari kubwa, viwanda na hoteli za kifahari. Pamoja na utajiri huo, takwimu za serikali za mwaka 2022 ziliwaweka zaidi ya theluthi moja ya wakazi wake chini ya mstari wa umaskini. Kwa wengi wao, kikaango au toroli la matunda ndiyo ajira iliyopo.

Joto la mchana huzidi nyuzi 30 karibu mwaka mzima, kwa hiyo matembezi mengi hufanyika jua likishazama, mnamo saa 12 jioni. Ziara nyingi hupita katika mtaa wa Getsemaní, ambao tangu zamani ulikuwa makazi ya mafundi na watu wa kipato kidogo, pembeni mwa mji wa matajiri.

Tarehe 11 Novemba 1811, watu wa Getsemaní wakiongozwa na fundi chuma Pedro Romero ndio walioshinikiza Cartagena itangaze uhuru wake kutoka Hispania. Siku hizi uwanja wa Plaza de la Trinidad, mbele ya kanisa la mtaa huo, hujaa kila usiku. Watoto hucheza mpira, wazee hukaa wakizungumza, na wachuuzi huwasha majiko yao.

Kutoka karai hadi karai

Kituo cha kwanza kwa kawaida ni kwa wakaangaji. Chakula kinachosifika kuliko vyote ni arepa de huevo, yaani mkate wa mahindi wenye yai ndani. Mahindi huchemshwa na kusagwa kuwa donge, donge hutandazwa kuwa duara na kukaangwa hadi livimbe. Mkaangaji hulitoa, hulipasua ubavuni, humimina yai bichi ndani, huziba kwa donge kidogo na kulirudisha kwenye mafuta.

Kazi hiyo hutaka mkono mwepesi. Yai likimwagika, mafuta yameharibika na faida ya karai zima imepungua.

Pembeni yake huwa kuna carimañola. Huu ni mhogo uliochemshwa, ukapondwa, ukajazwa nyama ya kusaga au jibini na kukaangwa. Kuna pia bajia za kunde, ambazo kunde zake hulowekwa, humenywa maganda, husagwa na kupigwa kwa chumvi hadi ziwe laini. Utaalamu huo ulivuka bahari pamoja na watumwa, na ndiyo maana bajia za namna hiyo zipo pia Afrika Magharibi na Brazil.

Ndizi mbichi hukatwa vipande, hukaangwa, hubamizwa kuwa bapa na kukaangwa tena. Vyote hivyo huliwa kwa pilipili na maziwa mazito yaliyoganda ambayo wenyeji huyaita suero.

Baada ya chumvi huja utamu. Karibu na mnara wa saa, kwenye lango kuu la mji mkongwe, kuna baraza iitwayo Portal de los Dulces, yaani baraza ya vitamu. Wauzaji wake huuza vileo vya ulimi vilivyotengenezwa kwa nazi, papai, ukwaju na mhogo, vingi vikiwa vimepikwa kwa sukari guru. Colombia ni miongoni mwa nchi zinazozalisha sukari guru kwa wingi duniani, pamoja na India.

Uwanja ulio mbele ya baraza hiyo ulikuwa soko la watumwa. Mwongozaji mzuri husimama hapo na kulieleza jambo hilo kabla ya kuwagawia wageni kashata za nazi.

Hesabu ya mhogo mmoja

Kwa mkulima, funzo la kwanza liko katika uzito. Carimañola moja ikitengenezwa kwa gramu 80 hadi 100 za mhogo uliopondwa, kilo moja hutoa vipande 10 hadi 12. Kila kipande huuzwa kwa bei yake, na bei hiyo haina uhusiano tena na bei ya kilo ya mhogo sokoni.

Bila shaka mkaangaji ana gharama za mafuta, gesi, nyama, karatasi za kufungia na nguvu zake. Pamoja na hayo, thamani kubwa huongezeka pale zao linapopita jikoni.

Funzo la pili ni uhakika wa mauzo. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mwongozaji ana wageni wanane kwa jioni moja na anawapitisha katika vituo sita. Hiyo ni milo midogo 48 kwa usiku. Akifanya kazi siku tano kwa wiki, kila kituo kimeuza vipande 40 ambavyo mwenye karai alijua tangu mchana kwamba vitanunuliwa.

Vipande 40 havimtajirishi mtu. Faida yake ni kwamba mkaangaji anajua aloweke kunde kiasi gani na achemshe mihogo mingapi. Anayeuza kwa kubahatisha hulala na donge lililochacha, na hasara hiyo huila faida ya siku mbili.

Ndiyo maana waongozaji makini hupatana bei na wapishi mapema, hutangulia kueleza idadi ya wageni na hulipa usiku huo huo. Wasio makini hukopa, au huwapeleka wageni kwenye mgahawa unaowapa kamisheni. Hapo wakaangaji hubaki mandhari ya kupigwa picha.

Wanawake wa Palenque

Hakuna wanaopigwa picha Cartagena kama akina mama wa Palenque, wanaobeba beseni za matunda kichwani wakiwa wamevaa magauni ya rangi za bendera ya taifa. Asili yao ni kijiji cha San Basilio de Palenque, umbali wa kilometa 50 hivi kutoka mjini, kilichoanzishwa na Waafrika waliotoroka utumwani. Shujaa wao, Benkos Biohó, alinyongwa na Wahispania Cartagena mwaka 1621.

Lugha ya kijiji hicho ni mchanganyiko wa Kihispania na lugha za Kibantu, hasa Kikongo. Mzungumzaji wa Kiswahili akifika huko hatapata shida kuelewa kwamba ngombe ni ng'ombe. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza utamaduni wa Palenque kuwa urithi wa wanadamu wote.

Wanawake hao walianza zamani kama wachuuzi wa kawaida. Walibeba matunda na vitamu hadi mjini, wakapita mitaani wakinadi kwa sauti. Kitamu chao kinachojulikana zaidi huitwa alegría, maana yake furaha, na hutengenezwa kwa mtama uliokaangwa ukachanganywa na nazi, sukari guru na anisi.

Siku hizi wengi wa akina mama walio katika mji mkongwe hupata fedha kutokana na picha. Mgeni husimama nao, hupiga picha, hulipa na kuondoka bila kununua hata kipande cha nanasi. Fedha ya picha huja haraka, lakini haimfikii mkulima wa nanasi wala mpishi wa alegría aliyebaki kijijini. Ziara ya chakula ikiendeshwa vizuri humfanya mgeni anunue, aonje na ajue jina la anachokula.

Kahawa, bia na pombe ya miwa

Mitaani hupita pia wachuuzi wa kahawa wakiwa na chupa za chai zilizopangwa kwenye kibebeo. Kahawa yenyewe, chungu na nyepesi, huitwa tinto, na huuzwa kwa vikombe vidogo.

Hapa kuna uhusiano wa moja kwa moja na wakulima wa Afrika Mashariki. Shirika la Kahawa la Kimataifa huziweka Colombia, Kenya na Tanzania katika kundi moja la bei, kundi la kahawa laini za arabika linalobeba jina la Colombia. Mkulima wa Kilimanjaro na wa milima ya Andes wanasoma ubao mmoja wa bei.

Tofauti iko katika hatua waliyopiga Wakolombia. Wakulima wao waliunda shirikisho la taifa mwaka 1927, na mwaka 2002 shirikisho hilo likaanza kufungua migahawa ya kahawa yenye jina la Juan Valdez, mkulima wa kubuni aliyekuwa akitumika katika matangazo yao. Kwa njia hiyo sehemu ya fedha ya kikombe, na si ya gunia peke yake, inarudi upande wa mkulima.

Usiku ukikolea, vinywaji vikali huchukua nafasi. Aguardiente hutengenezwa kwa miwa na kutiwa ladha ya anisi. Biashara ya pombe kali nchini humo iko chini ya ukiritimba wa mikoa, na Katiba inataka mapato yake yaelekezwe kwanza kwenye afya na elimu.

Bia imekwenda njia nyingine. Kampuni kubwa ya bia ya Colombia, Bavaria, ilinunuliwa na SABMiller mwaka 2005, na mwaka 2016 ikaingia mikononi mwa AB InBev. Wasomaji wa Tanzania wanaifahamu njia hiyo, kwa kuwa TBL nayo ilikuwa chini ya SABMiller na ikahamia kwa mmiliki huyo huyo. Fedha ya chupa ya bia husafiri mbali, wakati fedha ya bajia hulala mtaani.

Muziki uliotoka Kongo

Ziara nyingi huishia kwenye muziki. Wageni wengine hupanda chiva, basi la mbao lililo wazi ubavuni na kupakwa rangi nyingi. Mabasi hayo yalitengenezwa kwa ajili ya wakulima wa milimani, wakipakia magunia na kuku juu ya paa. Mjini yamegeuzwa kumbi za starehe zenye magurudumu, na bendi hupiga ndani basi likitembea.

Muziki wa Cartagena yenyewe huitwa champeta. Katika miaka ya 1970 mabaharia na wafanyabiashara walianza kuleta santuri kutoka Kongo, Nigeria na Afrika Kusini. Wenye mitambo mikubwa ya muziki, inayoitwa picó, waliishindania mipya.

Walikuwa na mbinu ya kibiashara. Aliyepata santuri nzuri alibandua karatasi yake ya jina ili mshindani asijue ilikotoka, kisha akaipa wimbo jina la kienyeji. Watu walifuata mtambo wenye wimbo usiopatikana kwingine, na kiingilio kikaongezeka.

Baadaye vijana wa mjini walianza kuimba kwa Kihispania juu ya mapigo hayo hayo ya soukous. Muziki huo ulidharauliwa kwa miaka mingi kama wa watu maskini. Jina champeta linatokana na kisu kidogo cha watu wa sokoni. Leo hoteli zilezile ambazo zisingeupiga zinawalipa wapigaji wake.

Mwenyeji anapohama

Upande wa pili wa mafanikio hayo uko nyuma ya milango ya Getsemaní. Hadi mwaka 1978 soko kuu la mji lilikuwa katika mtaa huo. Likahamishiwa Bazurto, na mahali pake pakajengwa Kituo cha Mikutano kilichofunguliwa mwaka 1982. Soko lilipoondoka, ajira za wabebaji, wauza samaki na mama lishe ziliondoka nalo, na mtaa ukaporomoka hadi ukajulikana kwa dawa za kulevya na ukahaba.

Watalii walipoanza kuupenda, hali iligeuka. Nyumba zikapanda thamani, na kodi ya majengo ikapanda pamoja nazo. Mwenye nyumba mzee asiye na kipato kikubwa hujikuta akimiliki mali ya bei kubwa asiyoweza kulipia kodi. Mpangaji naye huambiwa ahame ili vyumba viwe vya wageni wa siku mbili tatu. Familia nyingi zimeuza au zimehama kwenda pembezoni mwa mji.

Matokeo yake ni kwamba wapo wanaorudi Getsemaní jioni kukaanga mbele ya nyumba ambayo si yao tena. Hatari ya kibiashara hapo iko wazi. Mgeni anakuja kuona maisha ya mtaa, na wenye mtaa wakiisha, hakuna tena cha kumwonyesha.

Kuna pia madhara ya usiku wenyewe. Utalii wa ngono, ukiwamo unaowanyonya watoto, umekuwa tatizo la miaka mingi Cartagena. Sheria namba 679 ya mwaka 2001 inawabana wenye hoteli, waongozaji na wasafirishaji wasiwe njia ya biashara hiyo.

Sheria inavyosema

Mwongozaji wa watalii Colombia lazima awe na kadi ya taaluma, na kampuni ya ziara lazima iwe katika Daftari la Taifa la Utalii, ambalo huhuishwa kila mwaka. Kanuni hizo humpa mgeni imani, ingawa humtoza mwenyeji gharama na muda.

Wachuuzi nao wana kinga yao. Katika hukumu T-772 ya mwaka 2003, Mahakama ya Katiba ilieleza kwamba mamlaka zinaweza kupanga matumizi ya barabara na viwanja, lakini haziwezi kuwaondoa wachuuzi zilizowavumilia kwa muda mrefu bila kuwapa njia nyingine ya kuishi. Mwaka 2019 ikaja Sheria namba 1988, inayoitaka serikali iwe na sera ya taifa kwa wachuuzi wasio rasmi.

Kwa upande wa bei, Sheria ya Mlaji namba 1480 ya mwaka 2011 inataka bei ionekane kabla mnunuzi hajaamua. Jambo hilo si dogo. Malalamiko ya watalii kutozwa bei za kuruka, hasa ufukweni, yameuharibia mji jina mara nyingi. Mchuuzi mmoja anayepata faida ya ghafla kwa mgeni mmoja huwafukuzia wenzake wateja wa msimu mzima.

Ya kuzingatia

Kwa mfanyabiashara mdogo anayefikiria kuuza chakula kwa wageni, Cartagena inafundisha mambo machache yaliyo wazi. Kwanza, chakula cha nyumbani kina soko kikielezwa vizuri. Anayekula bajia ya kunde akijua safari yake kutoka Afrika hulipa kwa moyo kuliko aliyewekewa sahani kimya.

Pili, mapatano kati ya mwongozaji na mpishi yawe ya bei, idadi na siku ya malipo, na yafanyike kabla ya wageni kufika. Tatu, usafi wa mafuta, maji na mikono ndio bima ya biashara. Mgeni mmoja akiugua tumbo, kituo kizima kimefungwa.

Nne, na hili linawahusu wakulima, mpishi anahitaji zao la aina moja kwa ubora uleule kila siku. Mhogo wenye nyuzi haupondeki, na ndizi iliyoanza kuiva haikubali kubamizwa. Mkulima anayejua mahitaji hayo na kuyatimiza ana sababu ya kudai bei nzuri zaidi ya ile ya dalali.

Tano, wenye mtaa wasiuze viwanja vyao kabla ya kufanya hesabu ya kile ambacho mtaa huo utaingiza kwa miaka ijayo. Getsemaní inaonyesha kwamba aliyeuza mapema alipata fedha mara moja, na aliyenunua anazipata kila usiku.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Cartagena wageni wamekuja, na mkaangaji anayelipwa usiku huo huo ameanza kupata nafuu. Mwenye nyumba aliyehamishwa na kodi bado anasubiri zamu yake.